Maswali ya chesi: ufunguzi unaishia wapi na endigemu inaanza lini?

Toleo lililopita niliandika kwa kupita tu kwamba ukijua gemu yako iko awamu gani, ufunguzi, kati au mwisho (ndo endigemu), kuwaza kunakuwa rahisi zaidi. Basi mmenivamia. Barua nyingi mno zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, utajuaje sasa kwamba awamu moja imeisha na nyingine imeingia, hivo leo safu nzima naitoa kwa hilo.

SWALI: Habari mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa chuo, nacheza sana mtandaoni, nikimaliza gemu naiweka kwenye uchambuzi wa Lichess, ile tovuti ya chesi, na ile grafu yao inachora mistari ya kugawa gemu, ufunguzi hadi hapa, kati hadi hapa, endigemu kuanzia hapa. Juzi ikaniwekea mstari wa mchezo wa kati kwenye muvu ya 9 wakati farasi wangu mmoja hata hajatoka nyumbani! Kocha wetu anasema ufunguzi ni muvu 10 za kwanza, kwisha. Nani anadanganya hapo?

JIBU: Hakuna anayedanganya kijana wangu, ila kila mmoja anapima kitu chake. Tuanze na programu maana yenyewe haina siri, msimbo wake wa programu uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ukitoa wafalme na vitunda, ubao unaanza na kete kubwa 14, kila upande malkia 1, ngome 2, maaskofu 2, farasi 2. Lichess inasema mchezo wa kati umeanza pale kete hizo zinapobaki 10 au pungufu, au pale mstari wa nyuma wa upande mmoja unapobakiwa na kete chache kuliko 4, au pale majeshi mawili yanapokuwa yameingiliana sana, yaani kete nyeupe na nyeusi zimesogeleana na kuchanganyikana katikati ya ubao. Moja tu kati ya hayo ikitimia, mstari unachorwa. Endigemu kwao ni rahisi zaidi, kete kubwa zikibaki 6 au pungufu basi tumefika. Kwa hiyo kama mlikulana kete nne haraka haraka, muvu ya 9 inaweza kabisa kuhesabiwa kuwa mchezo wa kati hata kama farasi wako bado kalala.

Ni kipimo kizuri kwa mashine inayotakiwa kugawa mamilioni ya gemu bila kumuuliza mtu. Kwako wewe uliyekaa mbele ya ubao hakikusaidii sana, maana hakikwambii ufanye nini.

Kocha naye kakurahisishia. Namba ya muvu haisemi kitu, kuna gemu muvu ya 10 malkia wameshaliwa na wafalme wako njiani kwenda katikati, na kuna mistari ya ufunguzi wa Sicilian ambayo mabingwa wanaicheza kwa kichwa mpaka kupita muvu ya 20 huku kete zimeshaanza kuumana vibaya. Ndo maana pia siafikiani na wale wanaosema ufunguzi unaisha pale kumbukumbu inapoisha. Mtu aliyekariri muvu nne tu, ya tano tayari ni mchezo wa kati? Hapana bwana.

Mi naangalia swali ninalojiuliza kabla ya kusogeza. Kwenye ufunguzi swali ni "kete gani bado haina kazi, naitoaje?" Mfalme anafichwa pembeni kwa ile muvu ya pamoja na ngome, maaskofu na farasi wanatoka, malkia anapata pa kukaa, na kati ya ngome mbili hapabaki kete yoyote, zinaonana. Siku hiyo unaangalia ubao unakuta hakuna tena kete inayolalamika, na swali linageuka lenyewe kuwa "sasa nimuumize wapi?" Hapo umeingia mchezo wa kati, iwe muvu ya 8 au ya 18. Wengi wanakwama hapa hapa, wametoa kete zote vizuri alafu wanaanza kusogeza ngome kushoto, ngome kulia, kwa sababu hawajagundua kwamba swali limebadilika.

Na kitu ambacho ile grafu haitakuonyesha, wewe na mpinzani si lazima muwe awamu moja. Mwaka 1858 pale Paris, Paul Morphy alicheza na wakubwa wawili walioshirikiana upande mweusi, Duke wa Brunswick na Count Isouard, akawamaliza kwa muvu 17. Ukiangalia picha ya mwisho utamkuta askofu mweusi wa mraba wa f8 na ngome ya mraba wa h8 bado ziko pale pale zilipopangwa. Morphy alikuwa mchezo wa kati zamani, wenzake walikuwa bado wanatafuta namna ya kutoa kete. Kwa hiyo ukishajiona umemaliza kutoa kete na mwenzako bado, hapo ndo pa kufungua katikati kwa nguvu, hata kwa kutoa kitunda, maana akipewa muvu tatu za amani atakufikia na faida yako imeyeyuka. Na ukiwa wewe ndo uliyechelewa, funga katikati na usile kitunda cha bure, hata kikikukonyeza.

SWALI: Mwalimu, nilifundishwa kwamba malkia wakitoka ubaoni tu ni endigemu. Jamaa yangu anabisha anasema mpaka kete ziwe chache sana. Tumebishana mpaka tumenuniana, tusaidie.

JIBU: Muombane radhi kwanza maana hata wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Reuben Fine aliiweka kama unavyosema wewe, endigemu ni pale malkia hawapo. Jonathan Speelman akaja na hesabu ya alama, zile za kawaida za ngome 5, askofu na farasi 3, kwamba kila upande uwe na alama 13 au pungufu, mfalme hahesabiwi. Glenn Flear yeye mkali zaidi, kila upande ubaki na kete moja tu kwa juu zaidi, ukiacha mfalme na vitunda. Naye Nikolay Minev kete nne au pungufu kwa jumla. Hao wote ni watu waliokula chumvi ya chesi, na kila mmoja kachora mstari pake.

Sasa chukua gemu mbili uone zinavyowavuruga.

Ya kwanza ni ule ufunguzi unaoitwa ukuta wa Berlin, ambao Vladimir Kramnik aliutumia London mwaka 2000 kumvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia, alama 8.5 kwa 6.5 bila kupoteza gemu hata moja. Mweupe anakula malkia kwenye d8 muvu ya 8 na mweusi anarudishia kwa mfalme, hivo mweusi hawezi tena kumficha mfalme pembeni. Malkia hawapo, kwa hesabu ya Fine tuko endigemu. Lakini hesabu kete, kila upande una ngome 2 na kete ndogo 3 (yaani maaskofu na farasi), alama 19 bila hata kugusa vitunda, Speelman anasema bado sana. Kete kubwa zimebaki 10 kamili, yaani kwa kipimo cha Lichess hapo ndo kwanza mchezo wa kati UNAANZA. Muvu ile ile moja, mmoja anasema mwisho, mwingine anasema ndo tunatoka ufunguzi! Na ukweli wa mezani uko hapo katikati, mfalme mweusi aliyebaki d8 hayuko hatarini sana kwa sababu malkia kaondoka, lakini hawezi kwenda kutembea katikati pia, ngome nne zipo na kete ndogo sita zinazunguka. Ni mchezo wa kati usio na malkia, na ukiucheza kama endigemu ya kawaida utaumia.

Ya pili ni Dubai, Desemba 2021, gemu ya 6 ya ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi, ndefu kuliko zote kwenye historia ya mechi hizo, muvu 136. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na vitunda viwili, mwenzake malkia peke yake. Nani atathubutu kusema hiyo sio endigemu? Lakini Fine anakataa, malkia yupo. Flear anakataa, Carlsen ana kete mbili. Speelman na Minev wanakubali.

Mnaona hapo. Fasili inayotegemea kuhesabu lazima mahali fulani ikuchekeshe, kwa sababu mabadiliko yenyewe yanakuja kama sauti ya mvulana anayekua, hakuna Jumanne utakayosema leo imebadilika, ila siku moja anaongea na watu wote wanageuka. Ninyi wawili kila mmoja kashika ncha yake. Kama lazima niamue ugomvi, jamaa yako kakaribia zaidi, ila hata yeye aulizwe "chache" ni ngapi.

SWALI: Je kuna gemu ambazo haziendi endigemu kabisa?

JIBU: Nyingi sana. Kuna kufungwa kwa muvu mbili, mweupe akisogeza vitunda vya f na g kijinga malkia mweusi anamaliza pale h4, hapo hata ufunguzi haukuisha. Na wanaoanza wengi wanamalizana katikati. Lakini ukipanda kiwango wapinzani hawafi kirahisi, endigemu zinaongezeka.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimejifunza chesi ukubwani, vijana wa mtaani ndo walionifundisha. Tatizo langu ni mfalme. Nikimwacha pembeni mpaka mwisho naambiwa nimechelewa kumtoa, nikimtoa mapema naliwa. Kuna alama yoyote ya kujua saa ya kumtoa imefika?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kukubali kufundishwa na vijana. Swali lako ndo lenyewe hasa, nikiambiwa nichague kipimo kimoja cha endigemu nitachagua hiki chako, endigemu imeanza pale mfalme anapoacha kuwa mzigo wa kulindwa na kuwa kete ya kupigana. Lev Alburt na Nikolai Krogius walitaja dalili tatu wakaanza na hii hii ya mfalme, ya pili kitunda huru kinakuwa mali kubwa (kile ambacho mbele yake na pembeni hakuna kitunda cha adui cha kukizuia), na ya tatu ni kwamba kulazimika kusogea kunaanza kuua watu, yaani unajikuta kila muvu uliyonayo inakuharibia na sheria haikuruhusu kupita. Kwenye mchezo wa kati ni nadra kukosa muvu ya kupoteza muda, endigemu unakosa.

Sasa saa yenyewe. Usihesabu kete zote, hesabu zile zinazoweza kumkimbiza mfalme wako kwa pamoja. Malkia wa adui akiwepo na akawa na msaidizi mmoja tu, ngome au farasi, kaa pembeni, fungua kitunda kimoja apate hewa, basi. Malkia hayupo lakini ngome mbili na kete ndogo zipo, msogeze kidogo, f1 au e2, awe karibu lakini asijitokeze mbele ya vitunda. Adui akibakiwa na ngome moja au kete ndogo moja moja, toka mzee wangu, toka haraka, usisubiri hata muvu moja, wengi wanampa mfalme wa endigemu nguvu ya karibu alama 4 za mapigano, yaani zaidi ya farasi. Hiyo kete unaiacha imekaa pembeni kwa nini?

Waliotengeneza injini za chesi, yaani programu zinazocheza zenyewe, walilijua hili la kutoka taratibu. Injini kama Fruit zilikuwa zinatunza hesabu mbili za ubao mmoja, moja ya mchezo wa kati ambapo mfalme anasifiwa akikaa pembeni, nyingine ya mwisho ambapo anasifiwa akikaa katikati, alafu zinachanganya hizo mbili kwa uzito. Farasi na askofu uzito 1, ngome 2, malkia 4, jumla ubao mzima 24. Kila kete inapotoka, uzito wa mchezo wa kati unapungua na ule wa mwisho unapanda. Ile Berlin ya swali la juu ukiihesabu inatoka 14 kati ya 24, nusu na kidogo. Mashine haikuchora mstari popote, ilitelemka polepole, na nadhani nasi tufanye hivo hivo.

Kuna gemu moja ya kutia wazimu lazima niitaje kabla hamjanitumia. Tilburg 1991, Nigel Short dhidi ya Jan Timman. Malkia wawili wapo, ngome nne zipo, na Short anamtembeza mfalme wake h2, g3, f4, g5, kwenda kusaidia kumfunga mwenzake, Timman akasalimu amri. Je hiyo ilikuwa endigemu? Wapi! Timman alikuwa amebanwa hawezi kusogeza kitu cha maana, hakuna kete ya kumkimbiza yule mfalme, kwa hiyo sheria ile ile ya kuhesabu wakimbizaji inafanya kazi hata hapo. Ila wewe usijaribu wiki hii.

SWALI: Hivi kompyuta zimeshaimaliza endigemu yote?

JIBU: Kuanzia kete 7 kushuka, wafalme na vitunda vikihesabiwa, ndiyo. Chuo Kikuu cha Moscow kilichopewa jina la Lomonosov kompyuta yao kubwa ilimaliza jedwali la kete 7, yaani orodha yenye jibu kamili la kila hali ya ubao, mwaka 2012, na 2018 likaja la Syzygy la kete 7 pia ambalo linachukua nafasi ndogo zaidi. Kuna hali humo zinahitaji muvu 549 kufunga, binadamu hawezi hata kuelewa nini kinaendelea. Hapo ndo kuna mpaka pekee usio na ubishi, kete ya 8 ikiliwa gemu inatoka kwenye maoni inaingia kwenye jibu. Ile gemu ya Dubai ilivuka mpaka huo, jedwali likasema droo, na watazamaji wote walikuwa wanajua isipokuwa wale wawili waliokaa mezani, mpaka Nepomniachtchi alipokosea muvu ya 130 na jedwali likageuka papo hapo.

SWALI: Shikamoo mwalimu, nafundisha klabu ya watoto. Watoto wangu wanapata nafasi nzuri mchezo wa kati, wanazidi kitunda, alafu wanabadilishana kete zote kwa sababu tumewaambia ukizidi badilishana, wanafika mwisho wanatoa droo au wanafungwa kabisa. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada. Mmewafundisha nusu ya sheria. Ukizidi badilishana kete, ndiyo, lakini usibadilishane vitunda, na anayezidiwa afanye kinyume chake, ale vitunda mpaka viishe. Watoto wakisikia "badilishana" wanakula kila kinacholika, wanafika mwisho na kitunda kimoja ambacho hakitoshi.

Kikubwa zaidi ni kwamba kubadilishana ni mlango, ukishapita haufunguki kurudi. Muvu nyingine unaweza kujirekebisha, ngome ikienda vibaya unairudisha, ila malkia akishaliwa ndo basi. Kwa hiyo awamu mpya ichunguzwe kabla ya kuingia, sio baada. Waambie watoto kabla ya kula kete ya mwisho mwisho wafumbe macho waione picha itakayobaki, wafalme wako wapi, nani anasogea kwanza, kitunda kipi kiko mbele.

Wape mfano huu waucheze kwa mikono. Mfalme mweupe e4, kitunda cheupe e3, mfalme mweusi e6, hakuna kingine. Ni zamu ya mweupe, droo. Ni zamu ya mweusi, mweupe anashinda. Picha ile ile! Sasa rudisha kitunda e2, kila kitu kingine kibaki. Mweupe anashinda bila kujali zamu ya nani, kwa sababu ana ile muvu ya akiba ya e3, anaitoa, na mweusi analazimika kumpisha mfalme. Kwa hiyo mtoto aliyesukuma kitunda hatua moja muvu kumi nyuma bila sababu yoyote, ametupa ushindi na hajui ameutupa wapi. Hapo ndo utaona mchezo wa kati na endigemu zimeshonana, kitunda unachokisukuma leo utakidaiwa baadaye.

Kuna kete zinabadilika tabia kabisa awamu ikigeuka, na watoto hawafundishwi hili mapema. Maaskofu wa rangi tofauti, yaani wako anatembea miraba ya rangi moja na wa mwenzako ya rangi nyingine, ndo mfano mkubwa. Malkia na ngome zikiwepo, maaskofu hao wanampendelea anayeshambulia, maana askofu wake anapiga miraba ambayo askofu wa mlinzi hawezi kuigusa hata akitaka, ni kama anashambulia na kete moja zaidi. Toa malkia, toa ngome, wabaki hao maaskofu tu, ghafla mlinzi anakaa kwenye rangi yake anajenga ukuta na hata akizidiwa vitunda viwili mara nyingi anaponea droo. Sasa mtoto mwenye shambulizi na askofu wa namna hiyo anabadilishana malkia kwa sababu "amezidi kitunda", ameua shambulizi lake na kitunda chake kwa muvu moja.

Na kitunda cha pembeni kabisa, a au h. Mfalme wa adui akikaa kwenye kona ya mbele yake hatoki, hata ukiwa na mfalme wako hapo ni droo, na hata ukiwa na askofu wa ziada bado ni droo kama askofu huyo sio wa rangi ya mraba wa kona ile. Ngome nazo, ngome kwa ngome na kitunda kimoja cha ziada, vitunda vyote vikiwa upande mmoja wa ubao, mara nyingi inashikika. Lakini ukiwa na kitunda cha ziada na vitunda vipo pande zote mbili, kutoa ngome za mwisho mara nyingi ni kushinda, maana mfalme mmoja hawezi kuwa sehemu mbili. Ona hapo, sheria ile ile ya "ukizidi badilishana" inaweza kuwa dawa au sumu, inategemea mlango unaingia wapi. Mi ningewapa watoto wiki kadhaa za wafalme na vitunda tu kabla ya kuwaongezea ufunguzi mpya. Capablanca, bingwa wa dunia wa zamani, naye alishauri watu waanze na mwisho wa mchezo.

SWALI: Nacheza gemu za dakika 10. Kila mara naishiwa muda kwenye endigemu. Niutumie wapi muda wangu?

JIBU: Usiugawe sawa sawa kwa kila muvu. Kwenye ufunguzi unaoujua usikae zaidi ya sekunde chache, ukikaa pale maana yake hauujui, kajifunze baada ya gemu. Simama mara ya kwanza pale ngome zinapoonana, tumia hata dakika nzima kutafuta mpango maana huo mpango utakubeba muvu kumi. Simama tena kila wakati mpinzani anapokupa nafasi ya kubadilishana malkia, na kila kitunda cha katikati kinapotaka kuliwa, maana hapo sura ya ubao inageuka. Na simama kabla ya ngome ya mwisho kutoka, hapo sijali una dakika mbili tu, tumia moja kati ya hizo, kwa sababu endigemu ya vitunda ukiingia vibaya hata upewe saa nzima haitakusaidia. Muvu nyingine zote zilizobaki katikati ya hayo, cheza kwa mkono. Na kama mtandao wako unakuruhusu kuchagua, chagua gemu zenye sekunde za nyongeza kila muvu, hata 5 tu, endigemu bila nyongeza ni mashindano ya kubonyeza kipanya.